Vidonge vya Kapiteni Clovis

Sehemu ya tisa

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, habari yenyewe ni fupi. Naitwa Lukumani, mtoto wa Kasongo, na kwa miaka kumi na moja nilirusha ndege ndogo ya bosi wetu, Patron Marcellin: Kindu, Kasongo, Salamabila, Kabambare, na kurudi. Kisha tukamzika binti yetu Aziza. Alikuwa na miaka tisa, na malaria ilimchukua kwa siku tatu. Usingizi ukanihama. Daktari wa hospitali akanipa vidonge vya huzuni, nikavimeza, nikapata nafuu, nikaendelea na kazi.

Kumeza hakukuwa kosa. Kila mwaka rubani huenda Kinshasa kwa dokta wa anga, apimwe, apewe sertifika ya afya. Bila karatasi hiyo hugusi usukani. Na kwenye fomu kuna swali: unatumia dawa yoyote? Mwaka wa kwanza niliandika hapana. Mwaka wa pili nikaandika hapana. Mwaka wa tatu dokta alikuwa na barua mezani.

Alinisomea sentensi moja tu ya barua ile: "Kapiteni Lukumani anameza dawa za huzuni na hajawaambia." Akachukua sertifika yangu akaifungia kwenye kabati.

"Ungesema ukweli," aliniambia, "ningekusimamisha miezi sita, tukufuatilie, na ukikaa sawa ungerudi. Hizi dawa tunaweza kuzikubali. Uongo ndio siukubali."

Tangu siku ile mimi ni mtu wa uwanja wa Kasongo. Nafukuza mbuzi, napima magunia, naandika majina ya abiria, kisha nampelekea karatasi rubani anayekalia kiti changu. Rubani huyo anaitwa Clovis.

Wiki iliyopita niliishia pale Patron Marcellin alipoteleza ulimi, akanitajia mwandishi wa ile barua. Ni Clovis. Clovis niliyemfundisha kutua Salamabila wakati wa mvua. Clovis aliyeacha kanisa siku ya Jumapili akaja kumzika mtoto wangu, akashika jembe kama ndugu wa damu.

Wasomaji watatu wameniandikia nimsamehe. Nawashukuru. Kaeni na msamaha wenu nyumbani, maana mimi siku ile nilikuwa nafunga mzigo.

Mke wangu Safia alikuwa anapepeta mchele uani. Aliniona natoka na koti la pikipiki.

"Baba Aziza, unaenda wapi?"

"Salamabila."

"Ndege inapita Ijumaa. Juu ya nini usiingoje?"

"Ndege ya ule mutu sipandi."

Aliweka ungo chini. "Unaenda kufanya nini?"

"Naenda kuleta dawa."

"Dawa zako ziko. Niliona jana, zinatosha mpaka mwezi mwingine."

"Si zangu. Za Clovis."

Safia alisimama akafuta mikono kwenye kitenge. Yeye ananijua. Amenivumilia nikilia chooni, amenivumilia nikikaa siku mbili bila kuoga, na sasa alikuwa ananivumilia nikicheka peke yangu.

"Baba Aziza, nisikie. Dokta alikufungulia faili tena. Barua ya hospitali iko. Vipimo viko. Inabakia barua moja tu, ya piloti anayekuona kila wiki, aseme kama uko muzima. Piloti wa kukuona kila wiki ni Clovis. Mwombe."

"Nitakula majani mbele ya kumwomba."

"Basi usimwombe. Lakini usiende kuharibu."

Nilipiga pikipiki teke, nikaondoka. Sikutaka kusikia neno kuharibu. Mimi ndiye niliyeharibiwa, na kwa miezi kumi na minne hakuna aliyeuliza nani aliniharibu. Kila Ijumaa nilikuwa nampa Clovis karatasi ya abiria, yeye anasema "asante yaya," yaani kaka, nami namjibu "safari njema." Safari njema, kwa mtu aliyenizika nikiwa hai. Nilikuwa nayakumbuka maneno hayo njiani, nayatafuna, na kila nilipoyatafuna nilikuwa naongeza mwendo.

Nililala njiani, Wamaza, nikafika Salamabila siku ya pili saa nne asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope.

Farmasi niliyoitaka iko nyuma ya soko, karibu na wanunuzi wa dhahabu. Mwenyewe ni Zéphirin, mtu wa utaratibu kupita kiasi. Kila aliyenunua dawa za kichwa, yaani za usingizi au za huzuni, Zéphirin alimwandika kwenye daftari: jina, tarehe, vidonge vingapi. Sikumkuta. Nilimkuta mama mmoja mwenye miwani, Victorine, anafuta vumbi kwenye chupa.

"Zéphirin alienda Bukavu," aliniambia. "Ana miezi tatu. Ni miye niko nauzisha."

"Niko natafuta kaye yake, mama. Ile ya dawa za kichwa. Ndugu yangu alikuwa ananunua hapa, sasa dokta wake anaomba tarehe."

"Ndugu yako ni nani?"

"Kapiteni Clovis."

"Wa ndege?"

"Ule ule."

Alivuta kaye, daftari lenyewe, kutoka chini ya meza, akalifuta kwa kiganja, akanifungulia. Nililifunua polepole, maana utamu haumezwi kwa haraka. Kapiteni Clovis, vidonge thelathini. Mwezi uliofuata, Kapiteni Clovis, vidonge thelathini. Nikahesabu mara kumi na tisa, kwa mwandiko ule ule safi wa Zéphirin, tarehe kwa tarehe.

"Naweza kupiga picha?"

"Piga tu. Ndugu yako anapona?"

"Mambo yake yatakaa sawa," nilimjibu. "Hivi karibuni tu."

Nilipiga picha kila ukurasa.

Sasa nikomee hapa kidogo. Najua unavyomwona Clovis wakati huu. Unamwona mnafiki: anamsema mwenzake kwa dawa ambazo yeye mwenyewe anazimeza. Ndivyo nilivyotaka dokta amwone. Lakini niliahidi kuwaambia yote, hata yale ambayo sikuwa nimemwambia Safia.

Clovis hajawahi kununua kidonge hata kimoja. Mnunuzi nilikuwa mimi.

Kasongo kila mtu ananijua. Farmasi ya kwanza iko mbele ya msikiti, na shangazi yangu anauza mihogo mlangoni. Ya pili ni ya mwanafunzi mwenzangu, mdomo wake haufungi. Kwa hiyo nilinunua Salamabila, wakati ndege inapakuliwa mizigo. Clovis siku hizo alikuwa rubani msaidizi, anakaa kiti cha kulia, na nilipokwenda sokoni nilimwacha alinde ndege. Watu wa sokoni Salamabila walisikia majina yetu tu, sura zetu hawakuzijua.

Siku ya kwanza Zéphirin alichukua kalamu akaniuliza, "Jina?" Nilifungua mdomo kusema Lukumani, likatoka lile lililokuwa karibu. Kapiteni Clovis. Likaandikwa. Mwezi wa pili ningeweza kulibadilisha? Ningeanzia wapi?

Ndiyo hivyo. Mara kumi na tisa nilimvalisha rafiki yangu ugonjwa wangu, halafu nikasafiri siku mbili kwenda kuupiga picha. Unataka kujua kama niliona aibu? Niliona raha. Nilijiambia: alinichoma kwa ukweli, nami nitamchoma kwa uongo, na tutaona nani atapona haraka.

Nyuma ya soko kuna kilima kidogo chenye mtandao. Nikapanda. Nikamwandikia dokta wa Kinshasa: "Dokta, yule aliyekuandikia juu yangu, mwenyewe anameza dawa hizo hizo. Tazama tarehe." Nikaambatisha picha. Nikatuma.

Alama mbili chini ya ujumbe ziligeuka bluu, dokta ameshasoma, kabla sijafika kwenye pikipiki. Nikala wali na samaki pale sokoni, nikaongeza sahani ya pili. Tangu Aziza afariki sikuwahi kula namna ile.

Ijumaa nilikuwa uwanjani mapema. Nilikuwa nimenyoa ndevu. Nilipima magunia ya mchele, nilipima madebe ya mawese, nilimpima mama mmoja mfanyabiashara wa Kabambare aliyevua viatu ili mzani umwonee huruma. Nilimtania, akacheka. Watu wa uwanja walishangaa, walizoea kuniona nimenuna.

Ndege ikatua saa nne. Clovis akashuka, akavua miwani ya jua, akaja moja kwa moja kwenye kibanda changu. Hakungoja karatasi.

"Yaya Lukumani, niko na kitu yako."

"Weka pale mezani."

"Apana. Niko nataka kukupatia mukononi." Alikuwa ameshika bahasha. "Lakini mbele ya ile, tuseme. Patron aliniambia kama ulijua juu ya barua."

"Nilijua."

"Basi nisikilize dakika tano. Kisha ukitaka kunipiga, unipige."

Nilikunja mikono. Kwa nini nisimsikilize? Nilishamaliza kazi yangu. Niliona ni starehe kumtazama anavyojitetea, na huku hajui kilicho njiani.

"Mwaka jana nilishikwa na malaria Salamabila," alisema. "Nikaenda kwa Zéphirin. Akaniuliza jina, nikamwambia Clovis, piloti. Alicheka sana. Akasema, Kapiteni Clovis ninamujua, ni mutu murefu, ana kovu juu ya jicho. Weye si Clovis. Akanionyesha kaye."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kovu. Nikaushusha.

"Nilijua palepale kama ni weye," Clovis aliendelea. "Sikukasirika. Nilijiambia, yaya anaogopa watu, amekamata jina ya karibu."

"Ungekuja kwangu."

"Nilikuja. Tulikuwa Kabambare, nikakuuliza kama unalala muzuri. Ulisema nichunge mambo yangu. Nikakuuliza tena siku ile ya mvua, umetua, abiria wameshuka wote, weye ukabaki umeshika usukani nusu saa. Nilikuita mara tatu, haukusikia. Yaya, tulikuwa tumebeba watu kumi na mbili. Niliogopa."

Siku ile naikumbuka. Ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Aziza.

"Ndiyo nikaandika," alisema. "Niliandika kama unameza dawa na haujawaambia. Niliandika kama dawa zinakusaidia. Niliandika kama mukubwa wangu ni piloti muzuri kupita wote, wamusimamishe kidogo, apumzike, arudi."

"Dokta alinisomea sentensi moja."

"Ile ni mambo ya dokta. Miye niliandika ukurasa mbili."

"Na jina? Uliwaambia nilinunua kwa jina lako?"

"Apana. Ile sikuandika."

"Juu ya nini?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kitu cha wazi. "Juu wangeona ulidanganya mara mbili, na mara ya pili ulidanganya kwa jina ya mutu mwingine. Hawangekurudisha hata siku moja. Nilikuwa nataka urudi. Kile kiti ni chako, miye nimekikalia tu."

Akaniwekea bahasha mkononi.

"Mama Aziza alinipigia simu juzi. Alisema faili yako inabakia barua ya piloti, na weye hautaki kuniomba. Basi sikungoja uniombe."

Niliifungua. Ilikuwa karatasi moja yenye mhuri na tarehe ya jana. Alieleza kwamba ananiona kila Ijumaa, kwamba nafanya kazi bila kukosa, kwamba nalala, nakula na kuongea na watu kama zamani. Na chini kabisa: "Niko tayari kumkabidhi Kapiteni Lukumani usukani, mimi na watoto wangu tukiwa nyuma."

Sitawadanganya, nimedanganya vya kutosha. Hata hapo kisasi hakikunitoka. Kuna upande wa roho yangu uliomchukia zaidi, kwa sababu alikuwa ameninyima hata haki ya kumchukia. Nilitaka awe mbaya. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kwa ajili ya ubaya wake.

Kisha nikakumbuka alama mbili za bluu.

"Clovis," nilianza.

Foni ikalia.

Kwa asiyeijua: foni ni redio ya kibandani, ile inayotuunganisha na viwanja vingine. Haina siri. Ukibonyeza kitufe Kasongo, anakusikia wa Kindu, wa Kabambare, wa Salamabila, na katika kila uwanja kuna watu wamekaa chini ya dirisha wakingoja kujua ndege itafika saa ngapi.

"Kasongo, Kasongo, huku Kindu." Ilikuwa sauti ya Patron Marcellin mwenyewe.

"Kindu, Kasongo iko inasikia."

"Lukumani, ndege imeshuka?"

"Imeshuka, Patron."

"Isitoke tena. Narudia, isitoke. Dokta wa Kinshasa amenipigia asubuhi. Clovis asiiguse. Wanasema iko anameza dawa za kichwa tangu zamani na anaficha. Kuna kaye ya farmasi ya Salamabila yenye jina yake. Kuna picha."

Nje, yule mama wa Kabambare aliyevua viatu aliacha kuongea. Wengine wakasogea dirishani mmoja mmoja.

Clovis aligeuka. Alitazama foni. Kisha akatazama pikipiki yangu nje, ile nyekundu, yenye vumbi la njia ya Wamaza, njia ya Salamabila, mpaka kwenye kiti. Mwisho akanitazama mimi.

"Ile kaye tulikuwa tunaijua watu watatu," alisema kwa sauti ya chini. "Zéphirin, miye, na weye."

Niliikunja barua yake, nikaikunjua tena.

"Lukumani, unasikia?" Patron alirudi. "Dokta hataki ujumbe na picha tu. Anataka neno lako. Weye ulifanya naye kazi miaka sita, na faili yako iko mezani kwake, anasema anaifunga leo. Niambie, nimrudishie jibu. Clovis iko anameza ao apana?"

Akili yangu ilifanya kazi haraka, na niliichukia kwa haraka hiyo. Nikisema ndiyo, Clovis amekwisha. Barua yangu ina tarehe ya jana, na jana Clovis alikuwa rubani asiye na doa. Ningepata kisasi na sertifika kwa neno moja. Hakuna hata mmoja ambaye angeuliza swali.

Clovis angeweza kuninyang'anya kipaza sauti. Alikuwa hatua moja kutoka kwangu, na ni kijana mwenye nguvu. Hakukigusa.

Nikabonyeza kitufe.

"Apana, Patron. Clovis hamezi. Hajawahi."

Nikakiachia. Nilijisikia mwepesi, nikadhani nimemaliza. Nikadhani mtu anaweza kuwa mwema kwa nusu, akabaki na nusu yake nyingine mfukoni.

Foni ikakwaruza. Patron Marcellin alikuwa anamsomea mtu mwingine jibu langu kwenye simu, tulisikia anavyolitamka polepole. Kisha akarudi.

"Lukumani. Dokta iko hapa kwenye simu, anakusikia. Anauliza hivi: kama Clovis hamezi, basi ni nani alikuwa ananunua kwa jina yake? Na weye uliyemutumia picha, ulijua namna gani kama ile kaye iko na jina yake?"

Huko Kabambare mtu alikohoa karibu na redio. Mke wangu Safia alikuwa ameingia uwanjani na chakula changu cha mchana, amesimama kati ya abiria, bakuli kichwani, na alikuwa amesikia kila neno.

Clovis hakunitikisia kichwa, hakuniomba kitu. Alikaa juu ya gunia la mchele nililolipima asubuhi, akavua kofia, akangoja jibu kama watu wengine. Barua yake ilikuwa bado katika mkono wangu wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeshabonyeza kitufe, na kutoka Kindu mpaka Salamabila walikuwa wanasikia ninavyopumua.